Mguu wa bandia umeanza kulegea. Je, ulitengenezwa vibaya?

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 36, naishi Morogoro, nauza chapati na maharage kuanzia alfajiri hadi saa saba mchana. Mwezi wa tatu nilikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, baada ya bodaboda niliyopanda kugongwa na gari. Mwezi wa saba nikapewa mguu wa bandia. Nilifurahi sana, nikatembea vizuri kama wiki sita. Sasa umelegea. Nikitembea unapanda na kushuka, na ncha ya mguu wangu inauma kama nakanyaga jiwe. Juzi pametoka lengelenge. Nikiwa kwenye jiko jasho linajaa ndani. Usiku vidole vya mguu ambao haupo vinaniwasha na kujikunja, hadi nalia. Jirani anasema mguu ulizikwa ukiwa umekunjwa, ufukuliwe unyooshwe. Kaka yangu anasema nilipewa mguu wa bei rahisi, tukope tununue wa Ulaya. Je, mafundi walikosea? Na je, nimeanza kuchanganyikiwa?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa yote. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko lengelenge: hapana, hujachanganyikiwa. Unachokisikia kwenye vidole ni kitu halisi, kina jina, na kinawapata watu wengi sana waliokatwa kiungo. Nitalirudia hilo chini. Kuhusu mafundi, kwa maelezo uliyonipa sioni kosa lao. Mguu ule ulitengenezwa kwa mwili uliokuwa nao mwezi wa saba, na mwili huo umeshabadilika.

Daktari anapokata mguu, sehemu inayobaki, ambayo sisi tunaiita kigutu (wapo wasiolipenda neno hili, kama nawe hulipendi, unisamehe), huwa imevimba. Ina maji, ina damu iliyovilia, na ina misuli minene ya shavu la mguu iliyokuwa ikisukuma unyayo kila ulipopiga hatua. Sasa unyayo haupo, misuli ile haina kazi, nayo hupungua. Maji nayo huondoka taratibu, na huondoka haraka zaidi pale unapoanza kuvaa mguu wa bandia, kwa sababu soketi, yaani ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, inakibana kigutu siku nzima. Kwa hiyo kule kutembea vizuri kwa wiki sita ndiko kulikokipunguza kigutu chako. Kasi kubwa ya kupungua ni katika miezi sita ya mwanzo, halafu kinaendelea polepole hadi mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu. Katika muda huo hakuna fundi duniani anayeweza kukupa soketi itakayokutosha moja kwa moja. Soketi ya kwanza ni ya safari tu, na ulistahili kuambiwa hivyo siku ile ile ulipokabidhiwa.

Sasa kwa nini inauma kwenye ncha? Watu wengi hudhani aliyevaa mguu wa bandia anasimama juu ya ncha ya kigutu, kama gongo linavyosimama juu ya ardhi. Sivyo. Weka kidole chini tu ya pia ya goti lako, utagusa kano nene, ngumu kiasi. Hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wako, ikisaidiwa na ubavu wa mfupa wa muundi na nyama za nyuma. Soketi imechongwa makusudi ili ikandamize hapo na ipaache huru pasipopenda kukandamizwa: ncha ya mfupa kwa mbele, na kile kifundo kidogo cha upande wa nje chini ya goti. Ncha inatakiwa iguse tu, kwa upole. Kigutu kinapopungua, unazama ndani ya soketi kama mchi kwenye kinu. Kano haikai tena kwenye nafasi yake, mifupa inateremka hadi pale palipokuwa pa mapumziko, na ncha inagonga chini. Hilo ndilo jiwe unalolikanyaga. Na kule kupanda na kushuka kwa kila hatua kunasugua ngozi, ndipo lengelenge linapotoka.

Dawa ya kwanza ni ndogo hata watu hawaiamini: soksi. Sisemi soksi za dukani za kuvalia viatu. Nasema soksi za kigutu, za pamba au sufu, zisizo na mshono nchani, ambazo huja kwa unene tofauti. Naomba ujiulize ulipewa ngapi, na kama kuna aliyekuelekeza namna ya kuzihesabu. Mara nyingi mgonjwa hupewa mbili, huambiwa zivaliwe, basi. Kumbe kazi yake ni kujaza nafasi ambayo mwili umeiacha. Unaongeza moja nyembamba, unatembea dakika kumi, unavua, unaangalia ngozi. Wekundu ukiwa chini ya pia ya goti na ukapotea ndani ya dakika kumi na tano hivi, uko sawa. Wekundu ukiwa kwenye ncha au juu ya kile kifundo cha nje, au ukibaki nusu saa bila kuondoka, hauko sawa. Idadi pia hubadilika ndani ya siku moja. Asubuhi kigutu kimejaa, unaweza kuvaa moja. Ikifika saa nne, baada ya kusimama kwenye jiko, utahitaji ya pili. Beba nyingine kwenye mkoba kama unavyobeba leso.

Lakini soksi nazo zina mwisho. Ukizidisha, kigutu hakifiki chini, ncha inaning'inia bila kugusa chochote huku juu kumebanwa. Damu na maji hukusanyika huko chini, na ngozi ya nchani inakuwa nyeusi, ngumu, yenye unyevunyevu. Mimi nikikuta mtu anahitaji soksi nene tatu ili asizame, sihangaiki tena na soksi. Nachukua kipimo kipya, tunatengeneza soketi nyingine. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani uko karibu na hapo.

Hayo yote ni baada ya lengelenge kupona. Kwa sasa, dada, vua mguu. Najua una wateja, najua chapati hazijipiki. Hata hivyo, ngozi iliyochubuka ukiirudisha ndani ya soketi yenye jasho, siku nne za kupumzika zinageuka wiki nne za kidonda. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwambia mzee mmoja aliyelalamikia ncha kama wewe, "Utazoea, mzee wangu." Alikuwa mtu wa heshima, akaniamini, akaendelea kutembea. Alirudi na kidonda kilichofika karibu na mfupa. Tangu siku hiyo neno "utazoea" silitumii kwa maumivu. Uzito wa mguu unazoeleka, namna ya kutembea inazoeleka, macho ya watu sokoni pia yanazoeleka. Ncha ya mfupa inayogonga plastiki haizoeleki.

Usilitoboe lengelenge. Safisha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha, funika kwa kitambaa safi. Tembelea magongo. Na kwa siku zote ambazo hujavaa mguu, funga bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ukibana zaidi chini na kulegeza kadiri unavyopanda, vinginevyo kigutu kitavimba na siku ya kurudi kwenye mguu hautaingia. Ukifunga kwa kuzungusha tu kama pete, unakata damu. Ukikaa, nyoosha goti. Usiweke mto chini ya goti ukilala, ingawa ndivyo mwili unavyotaka na ndivyo ndugu wanavyofanya kwa huruma. Goti likizoea kukunjwa linakauka hivyo hivyo, na goti lisilonyooka ni gumu sana kulitengenezea mguu.

Jasho nalo lina utaratibu wake. Kigutu kioshwe jioni, si asubuhi, kwa sababu ngozi iliyotoka majini ni laini, imevimba kidogo na inang'ang'ania soketi. Mafuta ya kupaka ni ya usiku. Soksi na ile sponji ya ndani zioshwe kila siku na zikauke kivulini. Katikati ya asubuhi, pale wateja wanapopungua, kaa pembeni, vua, futa, vaa soksi kavu. Dakika tano. Usiuegemeze mguu karibu na jiko la mkaa wala usianike sponji juu yake. Soketi nyingi za kwetu ni za polipropilini, plastiki ambayo sisi huilainisha kwa joto la oveni ili kuipa umbo. Hata kama joto la jiko lako halitaiyeyusha, linaweza kuipinda kidogo, na kidogo hicho kinatosha kukuumiza.

Kuna jambo hukuniuliza, ila nalitaja kwa sababu nimelikuta mara nyingi mno. Ukiwa nyumbani unavua viatu au unavaa kandambili, sivyo? Mguu wako ulipangwa pembe zake ukiwa umevaa kiatu fulani chenye kisigino cha kimo fulani. Kifundo cha mguu wako wa kweli kilikuwa kikijirekebisha chenyewe. Hiki cha bandia hakijui kufanya hivyo. Ukitoka kwenye kiatu chenye kisigino ukaingia kwenye kandambili, mguu wote wa bandia unaelemea nyuma na goti linasukumwa kinyume. Ukivaa kisigino kirefu kuliko kile, goti linasukumwa mbele kana kwamba unateremka mlima. Maumivu mengi ya goti na kiuno yameanzia kwenye kiatu, na mtu anaulaumu mguu. Ukiwa ndani, vaa ndala yenye kimo kile kile, au mwombe fundi akukatie kipande cha mpira cha kuweka chini ya kisigino.

Haya, turudi kwenye vidole. Ubongo wako una ramani ya mwili mzima, na daktari alipokata mguu hakugusa ramani hiyo. Eneo la mguu wa kushoto bado lipo, linasubiri habari. Mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo bado iko hai, na ncha zake hutuma ishara zisizo na mpangilio. Ubongo unazipokea na kuzitafsiri kwa njia pekee unayoijua: hizi zinatoka kwenye vidole. Daktari mmoja wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1871 na kuipa jina la mguu wa mzimu. Jina hilo limewatisha wengi bure. Hakuna mzimu wowote. Kuna ubongo unaoendelea na kazi yake.

Jirani yako usimkasirikie. Imani kwamba kiungo kilizikwa vibaya haiko Morogoro peke yake. Hata Marekani na Uingereza zamani watu walifukua viungo vyao ili wavinyooshe vidole. Imani zinafanana kwa sababu maumivu yanafanana: wengi husikia vidole vimejikunja na havikubali kukunjuka. Lakini chanzo cha kujikunja huko kiko kwenye ubongo, hakiko udongoni. Kama familia yako inapata faraja kwa kuheshimu pale ulipozikwa mguu, heshimuni. Kufukua sikushauri, ni gharama, kunachokonoa huzuni upya, na vidole vitaendelea kuwasha.

Yanayosaidia ni haya. Kukisugua na kukigongagonga kigutu taratibu kwa vidole, na kukifunga bandeji usiku, kunaupa ubongo habari halisi, na kwa watu wengi kelele hupungua. Kuvaa mguu uliokaa vizuri nako husaidia, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Halafu kuna kioo, mbinu iliyoletwa na mtaalamu wa ubongo, Ramachandran, katika miaka ya 1990. Tafuta kioo kirefu cha kawaida cha sokoni. Kaa, kiweke katikati ya miguu, uso wa kioo ukitazama mguu mzima, kigutu kikiwa kimefichwa nyuma yake. Ukiangalia kioo utaona kana kwamba una miguu miwili. Sasa kunja vidole vya mguu mzima, kisha vikunjue polepole, huku ukijaribu kuvikunjua na vile visivyokuwepo. Robo saa kila siku, kwa wiki kadhaa. Wapo wanaolia siku ya kwanza. Ukilemewa, acha, rudi kesho. Siwezi kukuahidi kwamba itafanya kazi. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine hawapati kitu, ila gharama yake ni kioo tu. Kama usiku bado hulali, mweleze daktari. Paracetamol mara nyingi haifui dafu kwa maumivu haya, lakini zipo dawa za mishipa ya fahamu, kama amitriptilini, ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo. Usinunue mwenyewe duka la dawa.

Na kuna hatari moja nakuomba uichukulie kwa uzito. Kwa kuwa ubongo unaamini mguu upo, siku moja utaamka usiku kwenda chooni na utaukanyagia. Nimewaona wengi walioanguka hivyo, wakapasua kigutu. Weka magongo mahali ambapo mkono wako utayagusa kabla ya kushuka kitandani, na acha taa ndogo ikiwaka.

Sasa kaka yako. Anakupenda, na sitaki kumvunja moyo, lakini kwa mtu aliyekatwa chini ya goti, kinachoamua raha au taabu ni soketi kuliko kitu kingine chochote. Unyayo wa kaboni wa Ulaya unarudisha nguvu kidogo unapopiga hatua, na anayetembea haraka au kupanda vilima atauona utofauti. Siukatai, nimewafungia watu na wameufurahia. Lakini ukiufunga chini ya soketi iliyolegea, ncha yako itagonga vilevile, kwa mamilioni ya shilingi. Zile soksi za silikoni zinazokuja nao zinashika vizuri, ila kwenye joto la jiko lako zitakujaza jasho zaidi ya ulilonalo, na huchakaa, ukahitaji nyingine kila baada ya muda. Na siku kitu kikivunjika, kipuri kiko wapi? Bei rahisi nayo haina maana ya udhaifu. Mguu maarufu wa Jaipur ulibuniwa India mwaka 1968 kwa watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa, wanaolima kwenye maji. Uliangalia maisha yao kwanza, bei ikafuata. Wewe nawe uliza swali hilo hilo: nahitaji mguu wa kufanya nini? Unahitaji kusimama kwa muda wa saa nane mbele ya jiko, kutembea kwenye barabara ya vumbi, na kuingia choo cha kuchuchumaa. (Kwa choo, unyayo mwingi wa kawaida haukunji kifundo, kwa hiyo mwombe seremala akutengenezee kigoda chenye tundu. Usijilazimishe kuchuchumaa.)

Kama mna fedha za kukopa, na kama deni halitawatesa, itumieni kwa mpangilio huu: soketi mpya, soksi sita za kigutu, nauli ya kurudi kliniki angalau mara tatu mwaka huu. Subiri kigutu kitulie, mwakani huko, ndipo mzungumzie unyayo bora. Na kabla ya kukopa, tazameni ile fomu ya PF3 mliyochukua polisi. Gari lililowagonga lilitakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na aliyejeruhiwa anaweza kudai. Wengi hawaulizi. Halmashauri nazo zina mikopo isiyo na riba, asilimia mbili ya mapato yake ya ndani ikiwa ya watu wenye ulemavu. Hiyo ni ya biashara, haitakununulia mguu, lakini inaweza kukununulia jiko la gesi, na hapo joto na moshi vikapungua pamoja.

Rudi kwanza pale ulipotengenezewa. Wao wana vipimo vyako. Kama haiwezekani, Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili na kuna hospitali ya CCBRT. Kwa treni ya SGR kutoka Morogoro unaweza kwenda na kurudi siku moja. Usiwe na hofu kwamba mafundi wetu ni wa kubahatisha. Chuo cha TATCOT kule hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha kazi hii tangu mwaka 1981, na wanafunzi hukijia kutoka nchi nyingi za Afrika.

Usisubiri miadi, nenda hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyo hiyo, ukiona usaha au harufu, homa, ngozi inayogeuka nyeusi, au uvimbe wa ghafla wenye joto. Ukibonyeza sehemu moja ya kigutu na shoti kama ya umeme ikakimbia hadi kwenye vidole vile visivyokuwepo, huenda ncha ya mshipa wa fahamu imefanya uvimbe, na hilo ni la daktari wa upasuaji, soksi haitaliponya. Mguu ukitoa mlio mpya au ukiona ufa, usiuvae. Na kama kulia kwako usiku kumekuwa kwa kila siku, hutaki kula, au umeanza kuwaza kwamba heri ungekufa barabarani, mwambie mtu leo, uende kwa daktari kama unavyokwenda kwa kidonda. Umepoteza sehemu ya mwili wako mwezi wa tatu tu. Huo ni msiba, na msiba unahitaji watu. Waombe kliniki wakukutanishe na mwanamke mwingine aliyekatwa chini ya goti na amerudi kazini. Saa moja naye itakupa mambo ambayo mimi mwenye miguu miwili siwezi kukupa.

Siku ya kwenda, beba soksi zako zote, hata zilizochakaa. Andika kwenye karatasi umevaa ngapi asubuhi na ngapi mchana, kwa siku tatu, na saa ambayo maumivu yanaanza. Usijipake mafuta siku hiyo, ili fundi aone alama za ngozi. Na viatu: wengi huja kliniki na viatu vya kanisani, tukapanga pembe za mguu juu ya kisigino ambacho wanakivaa mara moja kwa wiki. Njoo na vile unavyosimamia kwenye jiko, vikiwa na unga wake.